Mlima Hauwezi Kuwa Chini

Mwanangu alikuwa na miaka minne na nusu siku aliyogombana na ramani kwa mara ya kwanza. Tulikuwa barazani kwetu Kihonda, Morogoro. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi ya mteja, yeye amelala kifudifudi sakafuni na kalenda ya zamani yenye ramani ya Tanzania. Nikamwonyesha kwa ncha ya mkasi: hii hapa Morogoro, sisi tuko hapa, na milima ya Uluguru iko hapa chini yetu.

Akaiangalia ramani. Akainua kichwa akaitazama milima yenyewe, ambayo ukikaa barazani kwetu inaziba upande mzima wa mbele, wingu limekaa kileleni. Akarudi kwenye ramani.

"Mama, mlima hauwezi kuwa chini."

Nikamweleza kwamba kwenye ramani chini maana yake ni kusini, na Uluguru iko kusini mwa mji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza kalenda, maandishi yakawa miguu juu, akaweka kidole palepale kwenye milima. "Sasa iko juu," akasema, akaendelea na mambo yake. Kwake suala lilikuwa limekwisha. Kwangu mimi ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Niseme kwanza kwa nini alikuwa nyumbani nami asubuhi ya siku ya shule. Mtoto wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua akiwa na miezi minane, viganja na nyayo zilipovimba akawa analia usiku kucha. Mwenye mtoto wa namna hii anayajua maisha yetu: maji ya kunywa kila mara, sweta wakati watoto wa jirani wako kifua wazi, vidonge vya foliki asidi, tarehe za kliniki, na zile siku ambazo mifupa inamuuma hataki hata shuka limguse. Shule ya awali tulimwandikisha. Muhula wa kwanza siku alizokosa zilikuwa nyingi kuliko alizokwenda, na kila aliporudi alikuta wenzake wamefika mbali, anakalishwa nyuma na daftari tupu. Siku moja alirudi akaniambia hataki tena kwa sababu kule yeye ni mgeni. Neno hilo lilinichoma. Nikakaa na mume wangu, tukakubaliana kwamba kwa kipindi hicho nitamfundisha mwenyewe, hapo hapo kwenye cherehani. Mimi ni fundi nguo, sijasomea ualimu. Nilikuwa na silabasi moja ya kuazima, chaki za fundi, futi, na mtoto mwenye maswali.

Baba yake ni dereva wa lori. Anachukua mzigo bandarini Dar es Salaam anaupeleka Lubumbashi, Kongo, na mara nyingi anarudi na shaba. Safari moja inakula wiki tatu, na foleni za mpakani zikimshika inazidi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji, swali lilikuwa moja: "Baba yuko wapi?" Nami nilikuwa najibu, "Yuko safari." Baada ya kisa cha kalenda nikaanza kulisikia jibu langu kwa masikio yake. Safari si mahali. Mtoto alikuwa anauliza mahali.

Nikaenda kwa muuza vitabu vya mtumba mjini nikapata ramani kubwa ya barabara, inayoanzia pwani yetu mpaka kusini mwa Kongo, imechanika kwenye mikunjo yote. Nikaipiga pasi ya uvuguvugu, nikaibandika kwenye kadibodi la boksi la friji kwa gundi ya unga wa ngano, nikaisimamisha ukutani kando ya mashine. Kisha nikachukua kifungo chekundu cha shati la mume wangu lililokwisha, nikakichoma na pini pale Dar es Salaam. "Huyu ndiye baba," nikamwambia. "Akipiga simu akisema yuko wapi, wewe unamsogeza. Mwingine asimguse."

Sheria hiyo niliitunga papo hapo bila kufikiri, na nadhani ndiyo iliyofanya kazi kuliko yote niliyoyapanga.

Kusoma alijifunzia pale. Kiswahili kinamhurumia mtoto anayeanza kusoma, kinatamkwa kama kilivyoandikwa, basi baba akisema kwenye simu "leo nimelala Makambako", mtoto anapanda kigoda na kuanza kuwinda: Ma-ka-mba-ko. Cha-li-nze. I-ga-wa. Tu-ndu-ma. Silabi za mb na nd ambazo kwenye kitabu zilikuwa zinamliza, kwenye ramani alizitafuta mwenyewe, kwa sababu mwisho wa silabi alikuwepo baba yake. Siku kifungo kilipovuka mpaka kuingia Zambia kikafika mji unaoitwa Mpika alicheka mpaka akakohoa. "Nani mpika? Anapika nini?"

Kutoka hapo akaanza kuyauliza majina yenyewe. Ruaha Mbuyuni ni kwenye mibuyu, hilo nililijua. Mikumi tuliuliza tukaambiwa ni jina la mti, jamii ya mivumo. Kariakoo ya Dar ilitokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, jina likalainika midomoni mwa watu. Matombo, kijijini kwa bibi yake mlimani, mama mkwe alituambia kwa simu huku akicheka kwamba ni matiti kwa Kiluguru, kwa umbo la vilima vya pale. Mtoto alinyamaza kidogo akauliza kama milima nayo inanyonyesha. Bibi akajibu, "Inanyonyesha, mjukuu wangu. Ukija nitakuonyesha maziwa yake." Jibu hilo nililichukulia kama utani wa wazee. Nitalirudia.

Sasa kosa langu. Majirani walianza kumsifu, nami sifa zikanilevya. Mtoto wa miaka mitano anayekuonyesha Kapiri Mposhi ukutani! Nikaona niongeze. Nikaandika nchi 54 za Afrika na miji mikuu yake kwenye karatasi, nikawa namkaririsha kila asubuhi, kumi kumi, na asiyekumbuka hachezi. Aliweza. Watoto wana kumbukumbu ya ajabu. Wageni wakija namwita: haya, Chadi? Ndjamena. Burkina Faso? Ouagadougou. Watu wanapiga makofi.

Akaja kaka yangu kutoka Dar. Akamuuliza mji mkuu wa Burundi. Mtoto akajibu Gitega. Kaka akacheka akamwambia, "Hapana mjomba, ni Bujumbura." Mtoto alikuwa sahihi. Burundi ilihamishia makao makuu ya kisiasa Gitega, Bujumbura ikabaki kitovu cha biashara, na tangazo la mabadiliko hayo lilikuja mwishoni mwa 2018, miaka mingi baada ya kaka yangu kumaliza shule. Mimi nililijua hilo. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Nikanyamaza, nikaona haya kumsahihisha kaka yangu mbele ya wifi na watoto wake. Mtoto hakumtazama mjomba wake. Alinitazama mimi.

Kwa siku kumi na moja kifungo hakikusogezwa. Baba yake alipiga kutoka Serenje, akapiga kutoka Ndola, kifungo kikabaki Mbeya. Nilimwomba radhi, nikampigia kaka yangu tukarekebisha, naye kwa uungwana wake akamwomba radhi mtoto. Karatasi ya miji mikuu nikaichana nikaikatia patani ya kola, ile karatasi ya kufuatisha ukikata kitambaa. Hamu haikurudi kwa sababu ya maneno yangu. Ilirudi kwa sababu ya uzi.

Nilikuwa napima kitambaa kwa futi, akauliza kama naweza kupima barabara. Nikachukua uzi mweupe, nikaulowesha ili usirukeruke, tukaulaza juu ya barabara kwenye ramani kuanzia Morogoro, tukiufuata kila mpindo mpaka Tunduma. Tukaukata. Tukaunyoosha kwenye futi: sentimita 35. Pembeni mwa ramani kuna kipimio kinachosema sentimita 1 ni kilomita 20, na hapo nikakwama, maana nitamwelezaje mtoto kwamba kidole kimoja ni safari ya nusu saa? Nikageukia ninachokijua. Nikakata gazeti patani ya gauni la mwanasesere, nikaiweka juu ya patani ya gauni la mtu mzima. Umbo lile lile, shingo iko pale pale, kiuno pale pale. Hii ndogo, hii kubwa, kila mkono wa mtu ni mikono kumi ya mwanasesere. Akasema, "Ramani ni patani ya nchi." Mwalimu wangu wa Jiografia alinifundisha kipimio kwa miaka minne na sikuwahi kuambiwa vizuri hivyo.

Tukahesabu ishirini ishirini mara 35. Ikaja 700. Jioni tukamwambia baba. Naye akasoma kwenye dashibodi: kutoka Msamvu mpaka Tunduma ni 742. Mtoto akashtuka, akadhani amekosea kuhesabu, tukarudia, ikaja 700 tena. "Ramani ni mwongo?" Baba yake akamwambia ramani imezinyoosha kona, hasa za Kitonga, kule lori linapanda limejikunja kama nyoka. Nikachukua sketi ya marinda iliyokuwa mezani nikavuta uzi wa kiunoni. Kitambaa cha mita mbili kikaingia kwenye mkanda usiofika mita moja. Barabara ya Kitonga ina marinda, nikamwambia, na ramani imeyafunga. Aliyavuta na kuyaachia marinda ya sketi ile ya watu mpaka nikalazimika kuipiga pasi upya.

Ila ugomvi wa juu na chini ulikuwa haujaisha, na ni baba yake aliyeuchochea bila kujua. Madereva wanasema "napandisha" wakielekea bara, na "nashuka Dar" wakirudi. Mtoto akiangalia kifungo anaona kinyume: kutoka Dar kwenda Tunduma kinateremka ukutani, kinaelekea kushoto na chini. Asubuhi moja akaninyang'anya simu. "Baba, wewe unasema unapanda. Ramani inasema unashuka."

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Siku ile alikuwa amepumzika Ilula na akaongea dakika ishirini. Akamsimulia lori linavyoitika ukishusha gia pale Kitonga, masikio yanavyoziba, baridi inavyoanza kunukia asubuhi na jinsi anavyovaa koti Mafinga wakati Ruaha Mbuyuni alikuwa amevua shati. Mtoto alisikiliza mdomo wazi. Alipokata simu akauliza: kwenye ramani koti liko wapi?

Liko kwenye rangi. Kijani ya pwani, njano, kisha kahawia inayozidi kukolea. Lakini rangi hazikumtosha, alitaka kushika. Basi tukafanya hivi: mabaki ya vitambaa, kila tabaka moja mita 500. Dar es Salaam, iliyo ufukweni, haina tabaka. Morogoro tabaka moja. Iringa, inayozidi kidogo mita 1,500, matabaka matatu. Mbeya, kama mita 1,700, matatu na kipande chembamba cha hariri juu yake. Tulibandika kwa siku nne, kanga, dengili, kitenge, mpaka ramani ikawa na mgongo. Akifumba macho anapitisha kidole kuanzia Dar, taratibu, na kidole kinapogonga ukingo baada ya Mbuyuni anasema, "Kitonga." Hakosei. Wazazi wenzangu wananiuliza ninunue nini, nianze na programu gani ya simu. Mimi nasema mabaki ya kitambaa na gundi.

Kutoka hapo swali lililofuata lilinishinda kabisa. Kongo tunapakana nayo, akaniambia, iko hapa, ng'ambo ya Kigoma. Kwa nini baba anapita Zambia? Sikujua. Kwa ukweli sikuwa nimewahi kujiuliza, na nimeolewa na mtu huyu miaka tisa. Tukaiangalia ramani pamoja. Mpaka wetu na Kongo wote uko majini, katikati ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi. Na Lubumbashi haiko ng'ambo ya Kigoma, iko mbali kusini. Halafu akaona jambo jingine: Kongo imechomeka pembe ndefu ndani ya Zambia, karibu kuikata vipande viwili. Ndiyo maana barabara ya baba inateremka mpaka Kapiri Mposhi, kisha inageuka na kupanda tena Ndola, Kitwe, Chingola hadi mpaka wa Kasumbalesa. Kifungo kinachora herufi V. Alikuwa anaisogeza pini kila siku na hakuwa ameona, nami vilevile.

Nilikuwa naogopa kusema sijui mbele ya mtoto. Siku ile nilisema, na aliburuta kigoda cha pili akanipa nikae karibu naye. Tukalala tumechelewa.

Ramani yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati na hilo nalo lilikuja na kilio chake. Badala ya Kongo imeandikwa Zaire. Alipoanza kusoma vizuri akaniita kwa hofu: baba anasema yuko Kongo na Kongo haimo. Nikamweleza jina lilibadilika 1997. Tukakuta Tunduma iko Mkoa wa Mbeya, wakati Songwe umekuwa mkoa tangu 2016.  Tukarekebisha kwa kalamu ya wino mwekundu, na akapata mazoea ya kumuuliza kila mtu mzima mwenye umri: zamani hapa paliitwaje? Mazoea mazuri. Yamempa marafiki wazee mtaa mzima.

Desemba ile tulikwenda Matombo. Bibi yake hakusahau ahadi. Asubuhi ya pili alimbeba mgongoni, maana njia ni ya mtelemko na alikuwa ametoka kuugua, akampeleka kwenye kijito chini ya migomba. "Haya ndiyo maziwa ya mlima." Akamwambia kijito kile kinaingia mto mkubwa kidogo, na ule unaingia Ruvu. Mimi kwetu ni Bagamoyo. Baba yangu ni mvuvi pale, na nimekua nikiogopa mdomo wa mto Ruvu kwa sababu ya viboko. Nimefika ukweni mara ngapi, nimechota maji kijitoni pale mara ngapi, na sikuwahi kuunganisha. Nilisimama na ndoo mkononi.

Mtoto alikuwa na ramani yake ndogo mfukoni. Alifuata mstari wa buluu kwa kucha, kutoka kwenye milima, ukazunguka, ukapanda, mpaka baharini. "Maji ya bibi yanakwenda kwa babu." Akachuma jani la mgomba, akachana kipande, akakiweka majini, akataka nipige simu Bagamoyo hapo hapo. Babu akapokea akidhani kuna msiba. Akaambiwa akae tayari, jani linakuja. Baba yangu, Mungu ampe umri, hakucheka. Aliuliza: "La rangi gani, ili nilijue?"

Na katika mstari ule ule akagundua lake. Maji ya Dar es Salaam yanatoka Ruvu, kuna mitambo miwili, Ruvu Juu upande wa Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Kwenye ramani Ruvu Chini iko juu ya Ruvu Juu, kwa sababu mto unakwenda kaskazini mashariki. Alinionyesha kama mtu aliyemkamata mwizi. Nikaanza kumtafutia mengine. Lubumbashi, iliyo kusini kabisa mwa Kongo, iko jimbo la Katanga ya Juu. Misri ya Juu iko kusini mwa Misri, kwa sababu Nile inatokea huko. Yeye alikuwa sahihi tangu siku ya kalenda: watu waliozipa nchi majina walifuata maji na milima. Hiyo "juu" ya ukutani ni makubaliano tu ya wachora ramani.

Tulimalizia likizo Bagamoyo. Babu alimsimamisha ufukweni akamgeuza uso mpaka upepo ukampiga usawa. "Huu unaitwa kaskazi. Unakotoka ndiko kaskazini. Mwezi wa sita ukija utamkuta kusi, naye anatoka kusini." Mimi nimezaliwa kwenye upepo huo na nilikuwa namfundisha mtoto pande za dunia kwa dira ya simu.

Juni ilileta baridi na baridi ikaleta maumivu, akalazwa siku tisa. Sitayaeleza yote. Siku ya nne alipoweza kukaa aliomba karatasi akachora wodi: vitanda, bomba, dawati la manesi, dirisha, na mshale wa kaskazini ulioelekea mlangoni. Aliupata kwa kuuliza milima iko upande gani. Pembeni akaweka ufunguo: duara ni mtoto anayelia, duara lenye nukta ni aliyelala. Nesi wa zamu ya usiku aliichukua akaibandika juu ya dawati, na kila alipopita alikuwa anaisahihisha kwa penseli.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa nimepata kitu cha kumwonyesha. Katika zile usiku za wodini nilisoma kwenye simu habari za Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemtengenezea Mfalme Roger wa Pili wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154. Kwa wachora ramani wengi wa Kiislamu wa zama zile kusini ilikuwa juu, na yake iko hivyo: Afrika imekaa juu, Ulaya chini. Nilimwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu bila kushangaa, kama mtu anayekutana na ndugu yake.

"Huyu naye mlima wake ulikuwa juu," akasema.

Akachora yake. Sikuigusa, nilimkatia karatasi ya khaki tu na kumchongea penseli. Uluguru iko juu kabisa, ina wingu. Kihonda yetu chini yake. Barabara ya baba inapanda kuelekea kulia, kwa sababu kusini ikiwa juu magharibi inakuja kulia, na hilo alilifikiri mwenyewe akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ufunguo una tembo kwa Mikumi, kibuyu kwa Ruaha Mbuyuni, koti kwa Mafinga, doti nyekundu kwa kila penye foleni. Kitonga ameweka viganja viwili vilivyofunguliwa. Nilimuuliza ni nini. Akaniambia ndipo mama anapoomba dua. Sikujua kwamba alikuwa ananiona.

Nakala moja iko kwenye kioo cha lori. Sasa baba yake akipiga hataji miji, anataja alama, na mtoto anazibadilisha kuwa majina na kusogeza kifungo. Jana alipiga saa tano usiku, mtandao unakatika. "Utingo wangu yuko wapi?" Nikamwambia amelala. "Basi mwambie nimetoka kwenye doti ya pili, nimevuka salama."

Doti ya pili ni Kasumbalesa. Nikasimama mbele ya ukuta na taa ya simu. Kifungo kilikuwa bado Chingola, kwenye vidole viwili tu kutoka alipo. Sheria ni sheria, sikukigusa. Nikachukua kigoda chini ya mashine nikakiweka mbele ya ramani, upande wa Kongo, ambako bila kigoda mkono wake haufiki.